Tupeane uzoefu: namna ya kujenga sanamu ya theluji iliyo imara

Ndugu wanajamvi mnaoishi katika nchi za baridi, naomba tuelezane jinsi kila mmoja anavyojenga sanamu ya theluji, kwa sababu watoto wetu huiulizia kila mwaka, ilhali sisi tuliokulia Morogoro au Mombasa hatukurithi ujuzi huo kwa wazee wetu.

Naanza mimi niliyeko Minneapolis. Kwa maoni yangu, kazi yote inategemea aina ya theluji. Mwezi Januari, baridi inapofika nyuzi 10 hasi na zaidi, theluji ya hapa huwa kavu kama mchanga, nayo haishikamani hata ukiifinya kwa nguvu, kwa kuwa kinachoziunganisha chembe zake ni unyevu mdogo unaojitokeza joto linapokaribia nyuzi 0. Kwa hiyo husubiri siku ya namna hiyo, nikachota theluji mkononi na kuifinya: ikibaki donge, tunajenga. Donge hilo hulivingirisha kwenye theluji hadi liwe tufe kubwa, huku nikibadilisha mwelekeo kila mara, maana likisukumwa upande mmoja tu hupata umbo la pipa.

*Mchangiaji, Toronto:* Nakuunga mkono, mkuu, ila naongeza suala la uzito, ambalo wengi hulipuuza. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 60, likishindiliwa vizuri, linaweza kuzidi kilo 40. Hivyo, kwa kuwa matufe ya sanamu hupangwa moja juu ya jingine, la chini likamilishwe pale pale litakapokaa, na la pili lisiachwe likue kupita uwezo wenu wa kulinyanyua. Sisi hulipandisha kwa ubao ulioinamishwa, baada ya kusawazisha sehemu ya juu ya tufe la chini, kisha tunajaza theluji kwenye maungio na kuishindilia kwa mikono. Msiharakishe hatua hii, kwa kuwa ndiyo inayozuia kichwa kuanguka. Mapambo hayahitaji gharama: karoti, vijiti na vifungo vya koti vinatosha. Wakazi wa Bethel, katika jimbo la Maine, walipojenga sanamu ya zaidi ya mita 37 mwaka 2008, mikono yake ilikuwa miti mizima na kope zake zilikuwa mbao za kutelezea kwenye theluji.

*Mchangiaji, Oslo:* Ndugu zangu, msisahau mahali pa kujengea. Lami huhifadhi joto la jua na kuiyeyusha sanamu kuanzia chini, kwa hiyo mimi huchagua nyasi zilizo kwenye kivuli upande wa kaskazini wa nyumba. Nawasihi pia wazazi wawavike watoto glavu zisizopitisha maji, kwa sababu za sufu hulowa upesi na vidole vikafa ganzi kabla kazi haijaisha. Baridi inapozidi usiku, huinyunyizia sanamu maji kidogo ili igande kwa nje.