Tupeane uzoefu: baba zetu mafundi, na yale ambayo wasifu wa marehemu haukuyasema

Habari za leo ndugu zangu. Tumemzika baba wiki tatu zilizopita, nyumbani Kibosho, kihambani kwake. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, maana ndiye mtoto mkubwa, na nikaambiwa usizidi nusu ukurasa kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana. Ukasomwa: alizaliwa, alisoma hadi darasa la saba, alifunga ndoa, alijaliwa watoto sita, alijishughulisha na useremala. Basi. Miaka zaidi ya 50 ya randa na msumeno imeishia kwenye maneno matatu, tena niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku ile sijatulia.

Naomba wenye baba mafundi, walio hai na waliotangulia, tuandike hapa yale ambayo hayaingii kwenye wasifu. Naanza mimi.

Karakana yake ilikuwa Njoro, sisi tulikaa Pasua, hapa hapa Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 80, baada ya vita vya Kagera, misumari ilikuwa adimu madukani kama sabuni na sukari. Baba alibomoa makasha ya zamani, akang'oa misumari iliyopinda, jioni anatumwagia sakafuni tuinyooshe kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Kuhesabu nilijifunzia pale: ya inchi mbili kopo hili, ya inchi tatu kopo lile. Aliyenyoosha vizuri alipewa ile penseli bapa ya useremala aende nayo shule. Tuliigombania!

Mbao aliyoipenda ni mringaringa, ule unaokua vihambani ukitia kivuli kahawa na migomba. Mwaka 2016, kampeni ya madawati ilipopamba moto nchi nzima, alipata kazi ya madawati ya shule moja ya msingi. Alikuwa ameshavuka miaka 70. Nikamkuta anapiga msasa upande wa chini wa mbao, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Nikamwambia baba, utachelewa, huko nani ataona? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mtoto akikaa kwenye dawati mikono yake inashika huku chini."

Ila ninalotaka kuliandika hasa ni jiko la mama. Mnaolijua jiko la vumbi la mbao mtanielewa. Unachukua debe lenye tundu chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unapitisha mti mwembamba kwenye lile tundu ufike kwenye chupa, halafu unashindilia vumbi la mbao pembeni mpaka liwe gumu. Ukichomoa chupa na mti, moto unawashwa kwa chini na makande yanaiva taratibu bila mtu kukaa anachochea. Baba alirudi na gunia la vumbi kila Jumamosi, na kila alfajiri, kabla hajaenda kazini, alimshindilia mama jiko. Sikumbuki siku aliyoacha akiwa mzima. Kile kishindo cha mti ndani ya debe, du, du, du, ndicho kilichotuamsha kwenda shule.

Karibuni.

*Wa Sombetini, Arusha:*
Pole sana dada. Baba yangu alikuwa fundi ujenzi. Alianza kama saidia fundi, akibeba zege kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano, yale yaliyokusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977. Tukipita pale kwenye Hiace hakuacha kutuonyesha alikopandisha karai.

Nitasema ukweli, nikiwa kijana nilimchukia kwa sababu ya nyumba yetu. Alipiga lipu nyumba za watu Njiro, Sakina, Kijenge, sisi tunalala kwenye tofali tupu na kiangazi vumbi lote letu. Wenzangu walikuwa wananiuliza kama kweli baba yangu ni fundi. Nimemaliza chuo ndipo nikaliona daftari lake. Upande mmoja kaandika kazi, upande wa pili jina la mtoto. "Njiro, lipu vyumba vinne", mbele yake jina langu na neno ada. Kurasa kwa kurasa ni hivyo. Nililia nikiwa nimesimama.

Sebule yetu aliipiga lipu wiki moja kabla ya sendi-ofu ya dada, usiku, kwa taa, kwa kuwa mchana alikuwa kwenye kazi ya mtu. Ukuta ule hadi leo ukiweka pima maji unakaa katikati. Pima maji yenyewe ninayo mimi.

*Wa Majengo, Moshi:*
Allah amrehemu mzee wetu. Wangu alikuwa fundi cherehani, alikaa barazani kwa Mhindi mjini na cherehani ya mguu. Disemba na Januari hatukumwona, ni sare za shule usiku na mchana, na taa ya chemli imemweka macho mekundu.

Sketi zetu sisi mabinti aliziachia pindo pana, karibu shibiri nzima, amelikunja kwa ndani. Kila Januari anafumua, anashusha, anashona upya. Nilivaa sketi moja miaka minne. Ilikuwa na mistari mitatu iliyopauka kwa chini, na niliionea aibu. Siku hizi nina watoto na nawanunulia sare mpya, ila nikiona pindo nyembamba za dukani namkumbuka. Yeye alipoikata ile sketi ya darasa la nne, alishaniona niko darasa la saba.

*Wa Unga Limited, Arusha:*
Wangu alikuwa fundi magari. Mimi si mwanawe, nilikuwa mwanafunzi wake gereji. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini ya Land Rover, mpini sikioni, amefumba macho, anakwambia silinda ya tatu. Unafungua, ni ya tatu. Saa kumi na moja na nusu jioni anatutuma tunawe mikono kwa sabuni ya unga, halafu yeye anapitia sokoni Kilombero kumchukulia mama ndizi. Mteja ang'ang'anie vipi, hakuongeza saa.

*Wa Kiboroloni:*
Mimi yangu si tamu kama zenu, ila naiandika. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, hodari, na pesa yake nyingi ilinywewa. Mageti yake yapo mji mzima. Alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, alikaa nyumbani miaka mitano, na hapo ndipo nilipomjua. Alinifundisha kuchomelea kwa maneno tu, amekaa kwenye kiti, mimi nimevaa miwani yake. Leo ninakula kwa kazi hiyo. Nimemsamehe.

*Wa Sombetini, Arusha:*
Dada mwenye mada, mama anaendeleaje? Jiko anashindilia nani sasa?

*Mwenye mada:*
Asanteni nyote, nimesoma nikalia, na wewe wa Kiboroloni Mungu akubariki.

Mama yupo. Ana jiko la gesi tangu zamani, sisi ndio tuliomnunulia, ila makande alikataa kuyapikia huko na baba akaendelea kushindilia debe. Baada ya msiba mdogo wetu alitaka kumfurahisha, akaamka alfajiri akashindilia. Akachomoa chupa, vumbi likaporomoka. Akarudia, likaporomoka tena.

Mama alitoka nje na khanga yake, hakusema neno. Akachukua ule mti, akamwaga vumbi lote, akaanza upya kidogo kidogo, safu kwa safu, akizungusha debe kwa magoti. Alipochomoa chupa, tundu lilisimama kama bomba.

Kumbe alikuwa anajua siku zote.