Mjadala: Je, kauli ya "huu ni utamaduni wetu" inatosha kuitetea kaida?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili swali ambalo huibuka kila inapopendekezwa sheria inayogusa ndoa, malezi, mavazi au urithi. Mtu akisema "huu ndio utamaduni wetu", je, ameitetea kaida inayobishaniwa, au ametuarifu tu kwamba ipo? Mimi nashikilia kwamba ametuarifu tu, na kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wetu inatokana na kuyaita kwa jina moja la utamaduni mambo mawili ambayo wanasosholojia huyatenganisha.

La kwanza ni tunu, yaani kile ambacho jamii inakiona kuwa chema na chenye kustahili kutafutwa, kama vile heshima, uaminifu na ustawi wa watoto. La pili ni kaida, yaani kanuni ya mwenendo inayomwelekeza mtu atende nini, ikilindwa na sifa kwa anayeifuata, na aibu, masengenyo, kutengwa au hata kifungo kwa anayeivunja. Kaida nazo hazina uzito mmoja: William Graham Sumner, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1906 kwamba zipo desturi ambazo anayezikiuka huonekana hajafundwa tu, na zipo mila ambazo anayezikiuka huonekana mwovu.

Tazameni desturi ya kuwafunga wasichana miguu nchini China, iliyodumu kwa karne nyingi. Mtoto wa miaka mitano au sita alikunjwa vidole chini ya wayo na kufungwa vitambaa mpaka mifupa ikapinda, na aliyemfunga mara nyingi alikuwa mama yake mzazi. Mama huyo hakuwa katili. Alijua kwamba binti mwenye miguu mikubwa angekosa mchumba wa maana, na tunu iliyomsukuma ilikuwa kumwandalia mwanawe maisha mema. Mwishoni mwa karne ya 19 vilianzishwa vyama, kikiwamo kile cha Shanghai cha mwaka 1895, na katika vyama vya aina hiyo wazazi waliahidi kwa pamoja mambo mawili: hawatawafunga binti zao miguu, wala hawatawaoza wana wao kwa wasichana waliofungwa. Ahadi ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu, kwa sababu ilimwondolea mzazi hofu ya kuwa peke yake. Amri ya kifalme ya kuikataza desturi hiyo ilitolewa mwaka 1902 na marufuku ya jamhuri ikafuata mwaka 1912, na katika maeneo mengi ikafifia ndani ya takriban kizazi kimoja, ingawa vijiji vingine vilichelewa. Kaida ilikufa, lakini mapenzi ya wazazi kwa binti zao hayakupungua, na Wachina hawakuacha kuwa Wachina.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, ila mfano wako umeruka jambo. Chama hicho cha Shanghai kilianzishwa na wanawake wa kigeni wakiongozwa na Mwingereza, Alicia Little, wakati mataifa ya nje yalikuwa yakiinyanyasa China. Hukumu juu ya utamaduni wa watu mara nyingi huja imepanda merikebu moja na bunduki. Ndiyo maana mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia (wataalamu wa tamaduni za watu) wa Marekani, kwa tamko lililoandaliwa na Melville Herskovits, kiliionya tume ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba vipimo vya mema na mabaya hutokana na utamaduni wenyewe. Tamko la haki za binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila ya kura ya kupinga na nchi 8 zikijizuia, lakini sehemu kubwa ya Afrika na Asia ilikuwa bado chini ya wakoloni, na watu wake hawakuulizwa.

Tena, tunu haielei hewani. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alifundisha kwamba kaida ziko nje ya mtu mmoja mmoja na zina nguvu ya kumlazimisha, na kwamba zikilegea kwa ghafla mtu hubaki bila mwongozo. Heshima isiyosalimia, isiyoinuka kumpisha mzee, isiyo na kitendo chochote, ni heshima gani?

Mchangiaji wa pili

Naongeza neno moja. Mapema miaka ya 1930, Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, alisafiri nchini humo na mume na mke Wachina, wakaingia katika hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye alipoziandikia sehemu hizo, zaidi ya asilimia 90 ya zilizojibu zilisema haziwapokei Wachina. Kwa hiyo tusimwamini upesi kila anayetutangazia kaida za watu; yanayotangazwa na yanayotendwa yanaweza kupishana mno.

Mleta mada

Nakubali kwamba zipo kaida ambazo ndizo mwili wa tunu yenyewe, na salamu ni mojawapo. Nilikosea kuzungumza kana kwamba kaida zote zinabadilishika kama nguo. Kuhusu wageni, ni kweli walikuwapo, lakini Kang Youwei, mwanazuoni wa Kichina aliyelelewa katika mafundisho ya Confucius, naye alimwomba mfalme mwaka 1898 aipige marufuku desturi hiyo, na ahadi zile zisingekuwa na maana kama Wachina wenyewe wasingezitimiza.

Lakini tuziangalie zile nchi 8. Mojawapo ilikuwa Afrika Kusini, ambayo serikali yake iliutetea ubaguzi wa rangi kwa madai kwamba kila watu wana utamaduni wao na waendelee peke yao, na mwaka 1959 ikatunga sheria ya kuwagawa Waafrika katika mataifa manane ya kikabila, kila moja likitengewa eneo lake. Hapo lugha ya kuheshimu tamaduni ilitumiwa na waliokuwa wakiwapokonya wenye tamaduni hizo ardhi na uraia. Chama kile cha wanaanthropolojia chenyewe, mwaka 1999, kilitoa tamko jipya la kuziunga mkono haki za binadamu.

Kwa hiyo kipimo changu si asili ya anayehukumu. Nauliza ni nani anayebeba maumivu ya kaida, na kama anaweza kuikataa bila ya kuangamia. Mtoto wa miaka mitano hakuweza. Naomba mchangiaji wa kwanza anijibu hapo: tunaposema "wenyewe wameridhia", je, mtoto huyo tumemhesabu miongoni mwa wenyewe?