Mdogo wangu kapewa mshauri binafsi, hataki kurudi kwake. Nifanyeje?

Dada Mkubwa: Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 16, kaacha shule, na tangu mama afariki mimi ndiye mlezi wake. Kapangiwa mshauri wa kumsaidia arudi kusoma au apate kazi. Siku ya kwanza kajazishwa fomu tu, akarudi akisema haendi tena: "Ananiuliza nataka kuwa nani, mimi hata kesho siijui." Nimlazimishe? Na mambo ya nyumbani nimweleze mshauri mimi, au nimwachie mwenyewe? Sitaki kumpoteza huyu mtoto.

Mlezi wa Vijana: Pole sana dada. Usimlazimishe, ila usimwache pia. Nimefanya kazi hii. Kijana aliyefiwa huanzi naye kwenye ndoto zake; unaanza na usingizi, nauli, vitambulisho, marafiki anaowakwepa. Mpigie mshauri, umwombe safari ijayo waonane wakitembea, fomu zisubiri. Ya nyumbani, muulize kwanza mdogo wako lipi lisemwe na lipi libaki. Akijua mmemjadili nyuma yake, hatamwamini tena yeyote kati yenu. Na mshauri amwambie mapema kwamba siri zake atazitunza, isipokuwa usalama wa mtu ukiwa hatarini.

Msomaji: Uingereza walikuwa na huduma ya Connexions, ilianza 2001 kwa vijana wa miaka 13 hadi 19. Wazo lilikuwa kijana awe na mtu mmoja wa kumuunganisha na masomo, ajira, makazi na afya, asizungushwe ofisi hadi ofisi. Wewe dai hilo: mtu yuleyule, si kila mara sura mpya.

Fundi: Nakubali, lakini damu zao zisipoendana kabisa, omba abadilishiwe mapema. Jambo lingine: muulize mshauri kama ataendelea kumfuatilia baada ya kupata nafasi. Wengi huacha wiki za mwanzo, bosi akifoka mara moja tu, hakuna wa kumpigia.

Dada Mkubwa: Asanteni sana. Nimemuuliza mdogo wangu. Kasema la mama lisemwe, la polisi atalisema mwenyewe akiwa tayari. Yuko radhi kuonana naye mara moja nje ya ofisi. Nimsindikize?

Mlezi wa Vijana: Msindikize mpaka wakutane, kisha uwaache wawili.