Tupeane uzoefu: pengo la jino lako lilichukua muda gani kujaa mfupa?

Mleta uzi
Wadau, habari zenu. Niling'olewa gego la chini miezi minne iliyopita. Wiki ya nne fizi ilikuwa imefunga, nikajua yamekwisha. Juzi nimepigwa eksirei kwa ajili ya jino jingine, daktari akanionyesha pale penye pengo: bado kuna kivuli chenye umbo la mizizi miwili, cheusi kuliko mfupa wa pembeni. Nilishtuka sana, nikadhani ni usaha.

Kumbe ni mfupa mchanga. Alinieleza kwamba damu inaganda shimoni siku ile ile, na ndani ya wiki moja hivi nyama changa inaanza kuchukua nafasi ya lile bonge. Mfupa nao unajijenga kuanzia chini na kwenye kuta za shimo, unapanda polepole. Wiki ya 6 hadi ya 8 sehemu kubwa imeshajaa mfupa laini, ila kukomaa ni suala la miezi. Fizi inawahi, mfupa unabaki kazini chini yake. Karatasi niliyopewa siku ya kung'oa ilisema habari za saa 24 za kwanza tu, na hilo limeniuma, maana nimekaa siku mbili silali kwa hofu ya bure.

Nani mwingine amepitia? Yenu yalikwendaje?

Mdau wa pili
Pole mkuu. Mimi sikufika hata huko. Siku ya tatu maumivu yalirudi makali kuliko ya jino lenyewe, yakapanda mpaka sikioni. Nikawasha tochi ya simu mbele ya kioo: shimo tupu, chini kabisa mfupa unaonekana, rangi ya kijivu, na harufu mbaya mdomoni. Bonge la damu lilikuwa limetoka. Jioni ya kung'oa nilivuta sigara mbili na kusukutua kwa nguvu nikidhani nasafisha.

Daktari aliosha shimo akaweka dawa yenye harufu ya karafuu. Usiku ule nililala. Nilirudi kubadilishiwa mara tatu. Jamani, lile bonge jeusi linalotisha ukiliona ndilo linalofunika mfupa, msiliguse. Maji ya chumvi ni baada ya siku moja kupita, na unayaacha yatoke mdomoni yenyewe, hutemi kwa nguvu.

Mdau wa tatu
Kwangu ni wiki ya tano. Ulimi ukawa unakwaruzwa na kitu chenye ncha upande wa ndani wa fizi. Nikaapa kwamba wameniachia kipande cha jino. Asubuhi moja napiga mswaki kikadondoka: kibanzi cheupe, chembamba kama kipande cha kucha. Nikakipeleka. Ni mfupa wa ukingo wa shimo uliokufa, mwili ukausukuma nje. Kama fizi imevimba au inatoa usaha usisubiri kidondoke, nenda.

Mdau wa nne
Naongezea la mama. Aling'olewa meno ya mbele ya juu, akawekewa ya bandia mapema. Baada ya miezi michache yakaanza kucheza akiongea, akawa anaziba mdomo kwa kiganja mbele za watu. Ukuta wa mfupa upande wa nje, unaotazama mdomo wa juu, ni mwembamba, ndio unaoyeyuka zaidi, na miezi mitatu ya kwanza ndiyo mibaya. Ndani ya mwaka upana wa taya pale penye pengo unaweza kupungua hadi nusu. Ilibidi yarekebishwe upya. Na kama mzazi wako anatumia dawa za kuimarisha mifupa, amwambie daktari kabla hajang'olewa, maana baadhi yake huchelewesha taya kupona.

Mleta uzi
Mpe pole mama. Kuna aliyepiga eksirei baadaye zaidi, kivuli kikawa kimepotea?

Mdau wa tano
Mimi, mwezi wa 8. Gego la chini kama lako. Niliambiwa nionyeshe kwenye picha jino lilikuwa wapi hasa, nikashindwa.