Insulini bila sindano: kuna aliyeitumia?

Assalam aleikum ndugu zangu. Mamangu ana miaka 63, niko naye hapa Kisauni, ana kisukari aina ya 2. Akiona sindano tu jasho lamtoka, basi huruka dozi kimyakimya. Asubuhi kipimo cha sukari 6, jioni 17 (na mahamri kwa mbaazi hataki kuyaacha, hilo nalijua). Nimesikia kuna kifaa kinachopenyeza insulini kwenye ngozi kwa mgandamizo mkali, na dawa huingia damuni haraka kuliko ya sindano. Hapo ndipo naogopa: isije sukari ikashuka ghafla. Kuna aliyekitumia hapa Mombasa? Chaumiza? Dozi ilibadilishwa? Daktari wake twamuona Alhamisi, nataka niende na maswali ya maana.