Nasoma mpaka usiku wa manane, kwenye mtihani nabaki kitupu

Kijana_Mkomani
Assalamu alaykum wakubwa zangu. Niko kidato cha nne hapa Amu (Lamu), na KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, ni Novemba. Baiolojia nimeisoma, si utani: kitabu kizima kimejaa rangi ya manjano, na mada ya figo najua hata mchoro uko upande gani wa ukurasa. Lakini kwenye moku, mtihani wa majaribio, niliulizwa nieleze nefroni, kile kichujio kidogo cha ndani ya figo, inavyofanya kazi, nikauona ule mchoro kichwani bila jina hata moja. Nakesha mpaka saa saba usiku, kwa sababu kabla ya hapo barazani kwetu hapakaliki kwa kelele. Je, ni akili yangu, ama kuna namna ya kusoma?

PwezaMkavu
Kahawa tungu na zabibu kavu, mdogo wangu. Nyanya alikuwa akisema zabibu hufungua kichwa.

Mwalimu_Langoni
Waalaykumu salaam, mwanangu. Zabibu kula, ni tamu, ila hazitakuandikia jibu.

Akili yako haina neno. Umejizoeza kukitambua kitabu, na mtihani wataka ukitoe kichwani. Ukipitia ukurasa mara ya nne, macho yateleza tu, moyo wasema "hii naijua", na hapo ndipo unapodanganyika. Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walisoma kifungu tena na tena. Wengine walisoma, wakafunika, wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, tena si kidogo. Nawe moku hukuifanya dakika 5 baada ya kufunga kitabu.

Hapa kwetu hili si geni. Kwenye chuo cha Kurani, maalim hakuulizi kama sura umeisoma. Akwambia "haya, soma", msahafu umefungwa, na ukikwama anyamaza kwanza akungoje. Zamani aya iliandikwa kwenye ubao, na ikishahifadhiwa ubao waoshwa. Wanaohifadhi juzuu nao hawasomi la leo peke yake: la jana wasikilizwa, na la juma lililopita pia. Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, saa ile ya kwanza na siku ile ya kwanza, kisha mwendo hupungua. Basi marudio ya kwanza yawe kesho, usingoje mwisho wa muhula.

Sasa hiyo figo. Funga kitabu. Chukua karatasi, hata ile iliyofungiwa mahamri, uchore nefroni: kapsuli ya Bowman, kitanzi cha Henle, na kila sehemu inachukua nini na inarudisha nini. Usichungulie. Ukikwama, kaa na kukwama kwako kidogo, ndiyo kazi yenyewe. Kisha fungua, ujaze ulichoacha kwa kalamu nyekundu. Kesho chukua karatasi nyingine tupu, uanze upya. Utaona nyekundu inavyopungua.

Tena jiulize kwa nini. Kwa nini alasiri ya Ramadhani mkojo huwa mchache na rangi imekolea? Maji mwilini yamepungua, homoni ya ADH yatoka kwa wingi, figo yarudisha maji kwenye damu. Ukishaifunga ADH na saumu yako, haikutoki. Jieleze kwanza kwa Kiswahili, hata Kiamu, kisha uandike kwa Kiingereza, maana hicho ndicho kitakachosahihishwa.

Na kukesha mpaka saa saba usiku, acha. Ulichosoma huimarika kichwani ukiwa umelala. Ukiuiba usingizi wajiibia mwenyewe. Ikiwa barazani hapakaliki, lala mapema na uamke kabla ya alfajiri. Saa hizo hata punda wana adabu.

Fundi_wa_Shela
Mwalimu, kwa heshima, mimi nilirudia kusoma tu na nikapita. Watu ni tofauti: kuna wa kuona na kuna wa kusikia.

Mwalimu_Langoni
Kupita ulipita, kaka yangu, na hongera. Lakini hayo ya "mtu wa macho, mtu wa masikio" yamepimwa. Pashler na wenzake walizipitia tafiti mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kumfundisha mtu kwa aina yake. Figo huchorwa kwa sababu ina umbo, na shairi husomwa kwa sauti kwa sababu lina mizani. Awe mwanafunzi yeyote.

Kijana_Mkomani
Shukran sana mwalimu. Hesabu je? Hakuna cha kuchora pale.

Mwalimu_Langoni
Hesabu usifanye maswali ishirini ya aina moja kwa mfululizo. La kwanza likishatoka, mengine mkono wayafanya wenyewe, kichwa kimelala. Changanya: la logarithimu, la vekta, la uwezekano, urudi kwa logarithimu. Mtihani haukwambii hili ni la mada gani, na kulijua hilo ni nusu ya jibu. Yatakuchosha zaidi na utakosa zaidi mwanzoni. Usirudi nyuma kwa hilo. Ukikwama, andika hapa swali lenyewe pamoja na ulipofika, usiandike jina la mada peke yake.