Mafuta ya kupaka wagonjwa: tufuate kipimo cha Kutoka 30?

Dada wa Kondele
Bwana asifiwe wapendwa. Kikundi chetu cha maombi hapa Kisumu kinataka kujitengenezea mafuta ya kupaka wagonjwa. Wengine wanataka kipimo cha Musa. Ni sawa? Na mbona mafuta yaliyotiwa ubani huharibika upesi?

Mzee wa Molo
Amina, dada. Kipimo cha Musa kiacheni. Manemane shekeli 500 (shekeli ni uzito wa kale), kida, yaani ganda la mti kama mdalasini, 500, mdalasini 250, kane, tete lenye harufu, 250 na mafuta ya zeituni hini moja, kipimo cha Kiebrania: hayo yalikuwa ya hema la kukutania, vyombo vyake na makuhani. Mstari wa 32 na 33 unakataza kabisa kuyaiga. Yakobo 5:14 inataja mafuta tu, katika jina la Bwana. Zeituni tupu yanatosha.

Mkipenda harufu, tieni ubani. Zaburi 141:2 inaomba sala ipae kama uvumba, na Ufunuo 8 unauweka pamoja na maombi ya watakatifu. Hiyo ndiyo kazi yenu kando ya kitanda. Manemane nayo ililetwa kuuzika mwili wa Yesu, Yohana 19:39. Wafafanulieni wagonjwa kabla ya kuitumia, wasije wakaogopa.

Fundi wa Manukato, Nakuru
Kinachoharibu ni maji. Ubani gramu 25, mafuta ya zeituni mililita 250. Gandisheni ubani kwenye friji saa moja, la sivyo utanata kwenye kinu. Twangeni, tieni ndani ya mafuta kwenye bakuli kavu, liwekeni juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, saa mbili. Bakuli lisifunikwe, maana mvuke hugeuka matone na kudondokea mafuta. Chujeni kwa kitambaa kikavu, mwache tope la chini. Hiyo ni gundi isiyoyeyuka kwenye mafuta. Chupa iwe nyeusi, mbali na dirisha.

Kabla ya kununua, tafuna punje moja. Ubani wa kweli hulainika ukawa mweupe kama chingamu. Ikiyeyuka yote mdomoni, umeuziwa gundi ya mgunga.

Dada wa Kondele
Asante sana. Na yale mafuta makali ya chupa ndogo, yaliyokolezwa kutoka kwenye mimea?

Fundi wa Manukato, Nakuru
Ya ubani, matone 6 kwa mililita 30 za zeituni. Ya mdalasini msipake mtu, huunguza ngozi, na ya mgonjwa ni laini zaidi. Mtoto mchanga mpakeni zeituni tupu.